Siku ya Damu na Siku ya Kuoga

Vijana wa maabara mliponiaga nilipostaafu, kwa keki na kanga, mmoja wenu alisema, "Mama Hawa, tuandikie uliyoyaona kazini." Nilicheka, nikadhani ni maneno ya sherehe. Juma lililofuata mkanipigia simu kuuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Basi nimekaa barazani kwangu Lindi, naandika. Vyeo na barua za kupandishwa mtavikuta kwenye faili langu. Havina la kuwafundisha. Nitaandika habari za nta, za mwalimu wangu, na za mwanamke mmoja wa Nyangamara ambaye hadi leo jina lake silitaji kwa wepesi.

Nilizaliwa Kiranjeranje, kwa wakulima wa ufuta na muhogo. Siku yangu ya kwanza maabara nilivaa koti jeupe lililonipwaya, na kalamu tatu mfukoni, kana kwamba moja isingetosha kuandika ujinga wangu. Chumba cha tishu kilikuwa mwisho wa korido, kinanuka fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, mpaka machozi yanatoka. Ndani alikuwamo Mzee Chilumba, mtu mfupi, mkimya, aliyekuwa akikata vipande vya nyama za wagonjwa kabla mimi sijazaliwa. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akasema, "Binti, simama hapo. Usipumue."

Nilidhani ni adabu ya mahali. Kumbe alikuwa na utepe wa nta kwenye makali ya mikrotomu, mashine yetu ya kukatia, mwembamba kuliko utando wa kitunguu, na pumzi yangu ingeupeperusha. Wiki nzima ya kwanza sikushika chochote. Nilitazama tu: kipande cha nyama kinalala kwenye fomalini, kinakaushwa maji, kinazamishwa ndani ya nta iliyoyeyuka, kinaganda kuwa bloku, kisha kisu kinakata. Utepe unaelea juu ya maji ya vuguvugu, unauchota kwa slaidi ya kioo, unautia rangi. Mlioajiriwa baada ya mashine mpya kuja, mnabonyeza. Sisi tulikuwa tunabembeleza. Joto la Lindi hulainisha nta kama samli, kwa hiyo tuliweka bloku kwenye barafu, na barafu tuliiweka kwenye jokofu ambalo kila daktari aliliona ni la soda zake. Nimewahi kuinua chupa ya soda nikakuta kibandiko cha maabara kimeng'ang'ania chini. Mwenye soda alikuwa ameshakunywa nusu, akapona.

Kitu alichokipenda Mzee Chilumba kuliko vyote ni utando wa ndani wa mji wa mimba. Alisema ini ni ini na figo ni figo, leo na kesho, lakini utando ule haukai siku mbili ukiwa ule ule. Aliniketisha kwenye hadubini akanionyesha. Damu ikishakoma, tezi zake ni nyembamba, zimenyooka kama mabua. Siku zinavyokwenda zinarefuka. Yai likishatoka, zinaanza kujikunja, na ndani ya kila seli hutokea tone dogo jeupe chini ya kiini, matone yamejipanga kama punje za ulezi. Kisha tezi zinapindapinda kama utumbo wa kuku, zimejaa ute. Mimba isipoingia, seli nyeupe zinavamia, tezi zinanywea, ukuta unachoka, na damu inakuja.

"Huu ndio mwezi wa mwanamke," aliniambia. "Ukiujua, huhitaji kuambiwa ni siku ya ngapi. Nyama yenyewe itakwambia."

Na alikuwa na sharti moja. Karatasi ya daktari ikisema jambo na nyama ikasema jingine, usiandike jibu. Inuka, toka nje ya chumba, kamtafute mwenye nyama umuulize. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, akivuka uwanja wa hospitali na koti lake lenye madoa, anakwenda wadini kumuuliza mama wa watu swali moja, anarudi, anaandika. Madaktari wengine walimwona msumbufu. Alistaafu wakiwa hawajabadili mawazo, akaniachia brashi yake ya kuchotea utepe na deni la subira.

Nilifanya kazi miaka mingi peke yangu baada yake. Uvimbe, saratani za shingo ya kizazi, mabaki ya mimba zilizoharibika. Nilizoea. Kuzoea ndiko ninakokuogopa sasa nikikumbuka, lakini wakati ule nilikuita uzoefu.

Kisha akaja Daktari Neema. Alikuwa mtafiti kijana kutoka chuo cha mjini, mchapakazi, anayeongea upesi. Alitaka kujua kwa nini baadhi ya wanawake wenye mizunguko ya kawaida hawashiki mimba. Alinieleza kwamba mbali na hayo yanayoonekana kwa macho, zimo protini ndani ya utando zinazopanda na kushuka kwa zamu. Vipokezi vya homoni hujaa tele kwenye tezi katika nusu ya kwanza ya mwezi, halafu baada ya yai kutoka vinatoweka. Ndipo protini nyingine zinapojitokeza, na mojawapo aliyoitafuta yeye huonekana siku chache tu, kama ya ishirini hadi ya ishirini na nne, kisha hufifia. Siku hizo ndizo utando unapokuwa tayari kupokea mimba.

"Ni kama mlango, mama," alisema. "Unafunguliwa siku chache, unafungwa. Nataka kujua wangapi mlango wao haufunguki."

Tukachukua kipande kidogo cha utando kwa kila mwanamke aliyekubali, siku ya ishirini na moja ya mzunguko wake. Mimi nilikata, nikatia kingamwili zinazoishika ile protini, na palipo na protini palitokea rangi ya kahawia. Ilikuwa kazi nzuri, nasema kweli. Umeme ulipokatika siku mbili, nilizibeba zile kingamwili kwenye chupa ya chai yenye barafu hadi kwa mama mmoja muuza samaki mwenye jenereta, zikalala ndani ya friza lake kati ya changu na jodari. Hazikudhurika, ila chupa ile ilinuka samaki mwezi mzima.

Fomu za utafiti zilikuja kwa Kiingereza. Daktari Neema akaniomba nizitafsiri, kwa kuwa wanawake wa huku nawajua na mimi ni wa huku. Nilikaa jioni moja nikamaliza. Swali la nne niliandika hivi: "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Nililisoma tena, nikaliona fasaha. Nikaona fahari kidogo.

Somoe alikuja mwezi wa tatu wa utafiti. Alikuwa mkulima wa korosho kutoka Nyangamara, miaka thelathini na miwili, mrefu, mwenye tabia ya kutazama vitu kama anayetaka kuvinunua. Miaka minane ya ndoa, hana mtoto. Mumewe, Hamisi, alimleta kwa pikipiki, akakaa nje kwenye kivuli cha tangi la maji mpaka mkewe amalize. Niliwaona wakiondoka. Hamisi alimfungia ushungi usipeperuke, taratibu, kama mtu anayefunga kitu chake mwenyewe.

Bloku yake niliikata wiki ile. Kwenye slaidi ya rangi ya kawaida niliona seli nyeupe zimejaa, tezi zimenywea, ukuta umechoka. Ulikuwa utando wa siku ya ishirini na saba, unaosubiri damu. Fomu ilisema siku ya ishirini na moja. Nilikaa nikautazama. Mzee Chilumba angeinuka. Mimi nilikuwa na slaidi nyingine kumi na moja mezani, na kazi niliyopewa ilikuwa kusoma protini, siyo kuhesabu siku. Nikaiweka pembeni, nikachukua slaidi ya protini. Hapakuwa na kahawia hata chembe. Nikaandika: haipo.

Majibu ya utafiti hayakuwa ya kuwapa washiriki. Hilo liliandikwa kwenye fomu, na nililitafsiri mwenyewe, kwa usahihi. Lakini Somoe alirudi. Mara ya kwanza alisimama dirishani pa maabara, nikamwambia amuone daktari. Mara ya pili nikamwambia bado. Mara ya tatu alikuja peke yake, asubuhi, amevaa kanga mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi tena?"

"Nimerudi. Mama, mimi sitaki dawa, wala sitamlaumu mtu. Nataka kujua tu. Wewe umeiona nyama yangu kwa macho yako. Niambie kama ungemwambia mwanao."

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nilimwingiza ndani, nikamkalisha kwenye kiti cha Mzee Chilumba, nikamwambia, "Ile protini inayofungua mlango haikuonekana kwako. Mji wako haupokei, mwanangu."

"Haupokei kabisa?"

"Kwa nilivyoona mimi, haupokei."

Alinyanyuka kitini. Kisha akasema, "Ahsante, mama. Wengine wote wamenizungusha." Wiki iliyofuata alinitumia kopo la korosho za kukaanga kwa dereva. Tukala maabara nzima.

Nilijisifu moyoni kwamba nimemtendea haki mtu.

Miezi minne baadaye nilikuwa nakunywa chai na Bi Esha, mhudumu wa wadi ya wanawake, mtu ambaye amewashika mikono wanawake wengi kuliko daktari yeyote niliyemjua. Nikamlalamikia, kwa utani, kwamba wanawake wa utafiti huu wana miji ya mimba inayozeeka upesi. Fomu inasema ishirini na moja, nyama inasema ishirini na sita, ishirini na saba. Zaidi ya nusu yao.

Bi Esha akaacha kupuliza chai. "Mnawaulizaje?"

"Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini."

"Ndiyo hayo," alisema. "Hebu wewe ujibu. Shangazi yako akikuuliza hedhi ya mwisho lini, unataja siku gani?"

Nilifungua mdomo nijibu, na jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi kabla sijafikiri. Siku niliyooga. Siku ya kutoharika. Maisha yangu yote nilikuwa nimeihesabu hivyo, kama mama yangu alivyonifundisha, kwa sababu hiyo ndiyo siku unayorudi kwenye mswala na kwa mumeo. Siku damu inapoanza haisemwi. Unaificha, unaacha kuswali, basi. Siku ya kuoga ndiyo inayokumbukwa. Na Kiswahili changu fasaha, "ya mwisho", kiliwaambia hasa hivyo: taja ilipoishia.

"Wanawake wa Nyangamara, wa Mingoyo, wa kwenu Kiranjeranje," Bi Esha aliendelea, "wote watakutajia siku ya josho. Hukulijua hilo, Hawa? Wewe?"

Nililijua. Ndilo jambo ambalo sijaweza kulimeza. Mgeni angesamehewa. Mimi nilivaa koti jeupe na nikasahau kwamba ndani yake yumo mwanamke.

Nilirudi maabara nikatoa bloku ya Somoe. Siku sita za damu, ukiongeza juu ya ishirini na moja, ni ishirini na saba. Nyama ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo. Protini haikuonekana kwa sababu wakati wake ulikuwa umepita. Tulibisha hodi mlango ukiwa umeshafungwa, tukaandika kwamba nyumba haina mlango.

Nilimweleza Daktari Neema siku ile ile. Alishika kichwa, lakini hakupoteza muda kunilaumu. Tukabadilisha swali: "Damu ilianza kutoka siku gani?" Sampuli zenye mashaka zikatupwa, tukaanza upya. Kisha akasema, kwa kunifariji, "Bahati nzuri hakuna mshiriki aliyepewa majibu, mama. Hakuna aliyedhurika."

Nikasema, "Ndiyo, daktari."

Maneno mawili tu. Swali la fomu lilikuwa kosa la kutojali. Haya yalikuwa uongo, na niliyasema nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikusudia kwenda Nyangamara Jumamosi ile. Mvua ikanyesha. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na msiba. Kisha nikajiambia labda ameshasahau, labda amepata mimba mwenyewe na anacheka. Mwaka ukapita. Nilikwenda Mtwara kwa mikutano zaidi ya mara ishirini, na kila gari lilipopita Mingoyo, pale njia ya kwenda Nyangamara inapochepuka, nilikuwa natafuta kitu ndani ya mkoba. Miaka tisa. Vijana wangu, mlikuwa mkinisifu kwa kukagua kila fomu mara tatu na kwa kunyanyuka kwenda wadini kuuliza. Mlidhani nimezaliwa hivyo.

Mwezi mmoja baada ya ninyi kuniaga ndipo nilipokwenda. Sikuwa na udhuru tena. Nilishuka kwenye gari, nikachukua bodaboda, nikauliza kwa Somoe. Kijana wa bodaboda akasema, "Somoe yupi, bi mkubwa? Wa kwa Bi Sharifa? Yule aliyedai talaka mwenyewe?"

Nilimkuta uani kwa mama yake, anamenya mihogo. Alinitambua kabla sijasema neno. Akaniamkia, akaniletea mkeka na maji. Nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi hapa, ila kwa maneno machache na kwa kukwamakwama. Kisu chake kilisimama kwenye muhogo muda wote.

Nilipomaliza, alisema, "Hamisi alikataa kuniacha. Alikuja hapa mara mbili kunirudisha. Nikamwambia nimeambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake, usipoteze umri wako. Sasa ana mke, ana watoto wawili." Akanitazama. "Kwa hiyo ningezaa?"

"Sijui, mwanangu. Pengine ungezaa, pengine usingezaa. Kipimo kile hakikusema lolote. Sikujua, nikakwambia najua."

"Na hukuja."

"Sikuja."

Nilingoja anitukane. Ningepokea. Badala yake alifuta mikono kwenye kanga, akasimama. "Njoo ukamwambie mama yangu."

Sikuelewa. Akanieleza tukiwa tumesimama mlangoni. Alipokuwa msichana alikuwa akiumwa sana na tumbo la hedhi, na mama yake, aliyekuwa mjuzi wa mizizi, alimchemshia dawa kila mwezi. Somoe aliporudi na jibu langu, Bi Sharifa alijua, hakuambiwa na mtu, kwamba dawa yake ndiyo iliyomharibu mwanawe. Tangu siku ile hajachimba mzizi. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali akawarudisha. Mjukuu wake kwa mwanawe mwingine akiumwa, bibi anatoka nje ya nyumba asije akaombwa dawa.

"Nimemwambia siyo kosa lake, hakubali," Somoe alisema. "Na hasikii vizuri siku hizi. Itabidi useme kwa nguvu."

Bi Sharifa alikuwa ameketi kitandani, mdogo kama kapu. Nilimwamkia shikamoo, nikapiga magoti karibu yake. Nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba mimi ndiye wa maabara, nilikosea.

"Eti nini?"

Nikarudia, kwa nguvu zaidi. Nje, majirani walikuwa wakitwanga.

"Dawa ya nani?" aliuliza. "Imekuwaje dawa?"

Nilimtazama Somoe. Aliegemea mlango, amekunja mikono, hakunisaidia. Basi nikavuta pumzi, mimi ambaye kazi yangu yote niliifanya kwa kunong'ona juu ya utepe wa nta, nikapiga kelele: "Dawa yako haikumfanya kitu! Mimi nilihesabu siku vibaya! Nikamwambia mwanao hazai, na nilikuwa sijui!"

Michi ikanyamaza. Mtaa mzima ulikuwa umesikia.

Bi Sharifa alinishika kidevu, kama unavyomshika mtoto unapotaka kuona kama ameosha uso. "Siyo mimi?"

"Siyo wewe, mama!"

Aliniachia. Akamgeukia binti yake, akasema jambo refu kwa Kimwera. Somoe akamjibu kwa neno moja. Mimi lugha ile naisikia kwa vipande tu, na vipande nilivyosikia havikuwa vyangu. Nilitoka uani, nikasubiri karibu na mihogo.

Somoe alinisindikiza hadi barabarani. Watu waliacha kazi zao kututazama. Bodaboda ilipotokea kwa mbali nikaanza kuutafuta usemi. Nilikumbuka ninayoyajua: vipimo vya uzazi vilivyopo siku hizi, madaktari ninaowafahamu, nani wa kumpigia simu.

Somoe aliona midomo yangu inajiandaa.

"Nina miaka arobaini na moja, mama," alisema. "Tafadhali usiniambie chochote kuhusu hilo."

Nikafunga mdomo, nikapanda.